Nilivyosafisha Kompyuta ya Papa Théodore

Jumatatu, 4 Machi 2002

Binamu Chris amerudi toka Kampala na diski yangu. Programu ya kusafisha kompyuta! Inaingia ndani kabisa kwenye mipangilio, inatoa takataka, inarekebisha yenyewe. Naiita Fagio.

Ofisi yetu ya kusaidia wakimbizi ina kompyuta moja. Tunaoigusa ni wawili: mimi na Maman Colombe, sekretari. Papa Théodore, mkubwa wetu, atamtuma mmoja Nairobi kwa mafunzo ya mwezi mzima. Mmoja tu! Mimi nimesoma kwa mapadri. Colombe alifundishwa taipureta na mademoiselle fulani, mmisionari wa Kimarekani, kwa Waprotestanti. Taipureta! Nacheka peke yangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwita Papa Théodore aone kwa macho yake. Fagio lilipekua dakika sita, likatoa maandishi mekundu: makosa 1,862. Mzee akashika kifua. Akauliza kama orodha iko salama. Ni ya familia 214 zilizokimbia vita Bunyakiri, sasa zinalala kwenye madarasa kule Miti. Lori la maharage linaondoka Ijumaa. Bila orodha iliyochapishwa na kupigwa muhuri, askari wa kizuizi cha barabarani hawafungui njia. Nikamwambia orodha itakuwa salama kuliko yeye mwenyewe.

Fagio likauliza maswali tisa, yote kwa Kiingereza. Nikajibu ndiyo mara tisa. Fundi hasomi maswali. Makosa: sifuri!

Colombe, akipita nyuma yangu, aliuliza kama nimeelewa lile swali la saba. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika barua ya kuomba Nairobi. Ukurasa mzima, mbio mbio, macho kwenye vidole, kabla umeme haujakatika. Nikachapisha, nikakunja, nikafunga bahasha pale pale na kuisukuma chini ya mlango wa Papa Théodore. Yeye yuko uwanja wa ndege, Kavumu, anapokea wageni hadi kesho.

Kisha nikafungua orodha. Inadai neno la siri. Nililichagua mimi, mwingine anayelijua ni Colombe tu: amani. Kwenye kidirisha zinaonekana nyota tu. Nyota tano. Imekataa. Nimerudia. Imekataa. Mara arobaini! Redio inasema wajumbe wetu kwenye mazungumzo kule Sun City, Afrika Kusini, nao wanatafuta amani. Wao hawana lori Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemweleza Papa Théodore ukweli: Colombe amebadilisha neno la siri.

Akaitwa. Akasema hajagusa kitu, tena tugombane baadaye, kwa sababu watoto wa Miti hawajala sawasawa tangu Jumapili. Anajua kuongea, huyo! Akaniagiza nifungue ukurasa mtupu, niandike Maman Agathe, jina la kwanza kwenye orodha. Nikaandika. Kwenye skrini ikatokea:

:q;qn Qgqthe

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. “Honoré, hii masini haiko mugonjwa. Umeigeuza Mumarekani!”

Eti swali la saba liliomba ruhusa ya kurudisha kibodi yetu ya Kifaransa kwenye mpangilio wa kiwandani, wa Kimarekani. Vitufe vimeandikwa vile vile, lakini ndani herufi zimehama, zimekaa pale zilipokaa kwenye taipureta ya mademoiselle. Akavuta kiti. Akafumba macho (alifumba!) na kugonga vitufe vitano. Orodha ikafunguka. Kisha akarudisha kibodi kwa Kifaransa. Kujionyesha tu.

Papa Théodore aliuliza kama sina neno la kumwambia Maman Colombe. Nilikuwa nalo. Nikamwambia amekalia kiti changu.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Colombe amepanda lori na kitenge kipya, orodha mkononi, muhuri haujakauka. Jioni wamerudi: kizuizi kilifunguliwa, familia zote 214 zimepata maharage. Wamepiga vigelegele kwa ajili yake. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza orodha ile ilitoka kwenye kompyuta iliyosafishwa na nani. Asante ya punda ni mateke.

Jumatatu, 11 Machi

Papa Théodore ameniita. Alikuwa na barua yangu. Akaniomba nimsomee mwanzo wake, kwa sauti. Ulikuwa hivi: :heshi;izq Pqpq Th2odore. Sikuweza. Akashuka mwenyewe hadi kwenye jina langu chini: Honor2. Akauliza kama Honoré wa kwanza yuko karibu, angependa kuongea naye yeye.

Colombe ndiye anakwenda Nairobi. Imeniuma. Nimekaa chooni robo saa na sikuwa na haja yoyote. Lakini sababu naijua: ni ile tarehe nane na vitenge vyao. Halafu ile barua, ni wazi printa ilikuwa chafu.

Colombe alikuja kuniaga. Akaniachia ufunguo wa ofisi na kunisihi, kwa upole kabisa, nisiguse mipangilio hadi arudi. Asiyejua maana, haambiwi maana.

Mwezi mzima! Kompyuta ni yangu, orodha ni yangu. Nimeliwasha Fagio. Limepata makosa mapya 37, bila shaka ya Colombe. Sasa limeanza kuuliza maswali.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.