Chembechembe za Mjomba Yakobo

Jumatano, 9 Juni 1993

Nimechoka. Duka langu la dawa hapa Mwembesongo linaingiza vumbi zaidi kuliko wateja. Tangu serikali iruhusu biashara huria kila mtu anauza dawa, hata Oscar wa ng'ambo ya barabara, juzi tu fundi redio.

Jumamosi ndugu zake Felista wanajibu posa yangu huko Mlali. Kwa Waluguru msemaji ni mjomba, naye mjomba wake, Mzee Yakobo, ana mafua. Sauti hana! Nimempelekea kapsuli mpya kutoka nje. Ndani mna chembechembe zenye utando unaoyeyuka polepole tumboni, dawa inatoka kidogo kidogo kutwa nzima. Moja asubuhi, basi.

Ijumaa, 11 Juni

Felista kaja. Mjomba analalamika dawa inachelewa. Moja kaifungua, kaimwaga kwenye kidonda cha mguuni, kama tunavyofanya sote na zile kapsuli za rangi mbili za kukausha vidonda. Wapi!

Nimepata wazo. Kinachochelewesha ni utando. Nimetwanga chembechembe za kapsuli tatu, nikachanganya na asali. Oscar kachungulia, eti karatasi ya maelezo inakataza kusaga. Wivu tu. Walioandika hawajui mafua ya mlimani. Nimempa Felista, mjomba anywe kesho alfajiri.

Jumamosi, 12 Juni

Nimefika Mlali na suti, pamoja na mshenga wangu, Mzee Mikidadi. Shikamoo kila upande. Mafua ya mjomba yamekauka kabisa. Ila mjomba kalala. Dawa ya siku tatu, nayo ya mafua huleta usingizi, imeingia kwa mkupuo. Wamemwita, wamempangusa kwa maji, anakoroma. Mganga wa zahanati kampima, kasema yuko salama, aachwe. Tumekaa hadi jioni bila jibu. Felista kaniuliza mbele ya watu kama nilisaga. Nikasema kidogo. Hakunitazama tena. Nimeumia, jamani.

Jumatatu, 14 Juni

Mjomba aliamka jana, misa imekwisha. Sauti imerudi, tena nzito. Mzee Mikidadi kaniletea jibu lake:

"Binti yetu hataolewa na mtu asiyeweza kusubiri dawa iyeyuke."

Nisubiri mwaka mzima, nisimtibu yeyote wa ukoo wao, ndipo nilete barua nyingine. Felista mwenyewe kakubali.

Mwaka! Nitazeeka. Lakini Mzee Mikidadi kasema pia kwamba mama yake Felista anaumwa magoti. Akipona haraka, si atanitetea? Nimemfungia dozi ya wiki nzima. Atainywa yote kesho, tusicheleweshane.