Kamati Inakuja na Mtambo Haujafagiwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Kamati inakuja! Kamati nzima ya Kilimo ya Bunge la Kaunti, waheshimiwa tisa, inakuja hapa Kapsitoi Jumanne ijayo, na atakayeshika kalamu ni mwanangu, Jesang wangu!

Daftari, nimekurukia hata sijakusalimu. Chamge. Haya, tuendelee.

Chifu ameisoma barua barazani. Saa nne kamati itatazama mtambo wa kupoza maziwa, kisha wananchi watatoa maoni. Chini kuna sahihi: Jesang Birech, Karani wa Kamati. Nikamwomba chifu arudie hapo chini. Akarudia. Nikamwomba tena, kwa faida ya wasiosikia vizuri. Akaikunja barua.

Mtambo wenyewe sitaki kuuzungumzia. Miaka mitatu sasa. Nyumba ipo, tangi lipo, stima haipo. Nguzo ziliishia barabarani. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na lori. Ya jioni hayana pa kwenda. Tunagandisha mursik, maziwa yetu ya kibuyu, mpaka kila sotet, kila kibuyu, limejaa, yanayobaki wanakunywa mbwa. Mbwa wa Kapsitoi wanang'aa kuliko mabwana harusi.

Kobot Kimaru, yaani mama yake Kimaru, jirani yangu, amenong'ona kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde kwamba ana hema la harusi ya mwanawe, na kikao kifanyike kwake. Hema! Yeye ana hema. Mimi nina karani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Jesang simu kumuuliza waheshimiwa wanakula nini. Akasema hawaji kula. Nikamuuliza kama kuku wanne watatosha. Akavuta pumzi, ile pumzi ya baba yake.

Amenieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Idara ya kilimo imeandika kwamba mtambo umekamilika. Kamati kazi yake ni kuja kujionea kama ni kweli, na kuwasikia wenye maziwa. Ripoti ikisema umekamilika, faili linafungwa, mkandarasi anakwenda zake, na stima tutaisikia redioni. Akasema, "Mama, kamati si wageni. Ninyi wananchi ndio wenye nyumba."

Maneno mazito. Nimeyaandika nyuma ya kalenda. Mwenye nyumba ni mimi!

Jumatano, 8 Oktoba

Kama mwenye nyumba ni mimi, basi ile nyumba ni aibu yangu. Nimekwenda kuchungulia dirishani, lisilo na kioo. Nyasi zinanifika kifuani. Popo darini. Ndani ya tangi kuna kuku wa Kobot Kimaru anaatamia mayai kumi na moja, na amenitazama kana kwamba ndiye mwenye hati ya shamba.

Na Jesang wangu asimame hapo na kalamu, mbele ya waheshimiwa, kwao alikozaliwa? Wakirudi mjini waseme nini? Kwamba karani katoka kichakani?

Nimemwambia Mzee wangu kwamba nitausafisha mtambo. Akasema wauone ulivyo. Nikamuuliza, posa ikija kwa binti yako, unawapeleka wakwe wakatazame paa linapovuja? Akanywa chai. Mzee Birech akikimbilia kikombe, nimeshinda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu, likafunguka kwa pigo moja la jembe. Nimefyeka, nimefagia, popo nimewapa notisi. Kuku nimemhamishia kwa mwenyewe, na mayai yake yote. Kobot Kimaru akayahesabu mara mbili mbele yangu. Halafu akauliza ninakwenda wapi na ufagio. Nikasema, kwa kamati ya mwanangu. Akasema yeye kamati ataipokea kwa maoni, maana ameandika maoni ya ukurasa mzima na atasema wa kwanza.

Jioni nimeandika yangu. Kurasa tatu! Nimeanza na kuzaliwa kwa Jesang, mvua ilivyonyesha siku hiyo, nikafika alipokuwa wa kwanza darasa la sita. Karatasi imekwisha kabla sijafika kwenye maziwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Rangi! Mzee alikuwa amenunua rangi ya buluu ya sebule yetu. Sebule itasubiri. Mtambo sasa ni wa buluu ndani na nje. Tangi nimelisugua mpaka nikaona sura yangu, nikalifunika kwa vitambaa vyangu vya kufuma, vile vya waridi. Waya uliokuwa unaning'inia ukutani bila kwenda popote nimeuficha nyuma ya kalenda ya kanisa.

Mzee kapita na ng'ombe. Kasimama. Katazama sana. Kasema, "Kobot Jesang, sasa unafanana na mtambo unaofanya kazi." Sijawahi kusifiwa hivyo tangu harusi yetu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshtuka katikati ya mahubiri. Tangi ni tupu! Nani kwetu anapokea mgeni na chombo kitupu? Hata maskini wa mwisho hutikisa sotet likasikika lina kitu.

Baada ya ibada nikawaambia akina mama wanipe maziwa ya jioni, ya leo na ya kesho. Wakauliza ya nini. Nikasema, heshima. Mimi ndoo moja. Kobot Kimaru kusikia hivyo akaleta mbili, akamimina polepole ili kila mtu aone. Na tangi halina hata shukrani, lilipokea yote kwa sauti moja.

Jumanne, 14 Oktoba

Nitaanzia wapi.

Saa nne na nusu magari yakafika. Jesang akashuka na faili kifuani, koti jeusi, miwani. Nikapiga kigelegele. Akanitazama kama hatujaonana maishani. Kazi ni kazi. Nilijivuna hata hivyo.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Sitienei, mzee mpole wa kofia kubwa, akaingia mtamboni, akavua kofia. Akasema hajaona mtambo nadhifu hivi katika kaunti nzima. Nilisimama hapo hapo nikifurika. Afisa wa idara ya kilimo, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, alishtuka kwanza, akatazama kuta, akagonga tangi likasikika limejaa. Halafu akatabasamu. Tabasamu lile lilinikaa vibaya. Akasema, "Waheshimiwa, mnajionea wenyewe. Maziwa haya hapa. Kazi ilikwisha zamani."

Mheshimiwa Sitienei akamgeukia mwanangu. "Karani, andika basi. Mtambo umekamilika na unatumika."

Nikaona kalamu ya Jesang. Haikuandika. Alitazama buluu ya kuta, akatazama vitambaa vya waridi, ambavyo anavijua tangu anatambaa. Kisha akanitazama mimi. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeiweza.

Ndipo nikasikia akilini ile simu ya Jumanne iliyopita. Faili linafungwa. Ee Mungu! Nimelifunga faili kwa brashi!

Hata sijafungua kinywa, Mheshimiwa akasema jua ni kali, angeomba kikombe cha maziwa baridi. Mgeni akiomba maziwa kwetu hanyimwi. Nikafunua vitambaa. Harufu ikatoka kwanza. Ikafuata kitu kama uji uliogombana na mpishi. Mheshimiwa, kwa adabu zake, akaonja. Macho yakamtoka.

"Mama, hii ni nini?"

Nikasema mursik.

Akasema yeye amekua kwa mursik, na hajawahi kuona ya kwenye bati.

Watu wakaangua kicheko mpaka ng'ombe wakajibu. Yule afisa akasema haraka kwamba wanakijiji hawajui kutumia mashine, waliizima wenyewe. Hapo nikachemka. Sisi? Kuzima nini?

Nikachukua kipaza sauti cha betri kabla ya Kobot Kimaru. Jesang akainua kalamu, akasema kwa sauti ya ofisini, "Taja jina lako, mama." Mwanangu wa kuzaa, ananiuliza jina! Nikalitaja lote, na la baba yangu, na namba ya kitambulisho. Kurasa zangu tatu zilikuwa kifuani. Sikuzitoa.

Nikasema: rangi ni yangu. Vitambaa ni vyangu. Maziwa yamemiminwa Jumapili na jana, kwa amri yangu. Nikaing'oa kalenda ya kanisa ukutani, waya ukaning'inia mbele ya wote, hauendi popote. Nikasema mashine hii haijawahi kuonja stima hata siku moja. Nikasema huyu karani nilimsomesha kwa maziwa ya asubuhi peke yake. Ya jioni tumewapa mbwa miaka yote hiyo, na wapo hapa wenye watoto wanaongoja karo iliyo katika maziwa ya jioni. Nikasema niliwapokea kama wakwe, nikaficha panapovuja. Mnisamehe. Panavuja.

Halafu Kobot Kimaru akasimama. Nikajua leo nimekwisha. Akasema, "Na iandikwe kwamba ndoo mbili ni zangu. Mbili. Yeye alileta moja." Akaketi. Maoni yake ya ukurasa mzima hakuyasoma. Nimemchukia mwanamke huyu miaka ishirini, na leo nusura nimkumbatie.

Mheshimiwa akawaambia wote wanyooshe mikono, nani amewahi kuona taa ikiwaka humu. Hakuna mkono. Akamwomba afisa awashe mashine mwenyewe. Afisa akatafuta swichi mpaka mikono ikachafuka buluu, maana ukuta wa nyuma niliurudia jana na ulikuwa haujakauka.

Jesang akaandika. Aliandika sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jesang amepiga simu. Ripoti imesomwa. Haujakamilika! Idara imepewa siku ishirini na moja ilete nguzo na transfoma, na kamati itarudi kuhakiki. Ushahidi nambari moja ni maziwa yaliyochacha. Nambari mbili ni mimi! Jina langu limo katika kumbukumbu za Bunge. Nimemwomba anisomee hapo. Akanisomea. Nikamwomba arudie, kwa faida ya baba yake. Akarudia, na nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha utotoni.

Kisha akawa mkali. Akanitaka niape kwamba sitaugusa tena mtambo, wala kwa ufagio, wala kwa brashi, wala kwa kitambaa. Nikaapa. Mzee ni shahidi.

Jioni nimekaa na Kobot Kimaru kwenye ua, tukinywa chai. Rangi imebaki kopo zima. Yeye ana vile vitambaa vyeupe vya hema la harusi. Na nimefikiri hivi: niliapa juu ya mtambo. Nguzo ya stima hatukuitaja. Mti mkavu, mweusi, usimamishwe mbele ya waheshimiwa bila hata ua moja? Watu watasemaje kuhusu mama ya karani?

Nguzo ikishasimikwa tu, tunaanza. Buluu chini, nyeupe juu. Kuku wanne. Kila mtu aje na sotet lililojaa, wa juu ya mlima na wa bondeni, na mbwa wafungwe. Kamati inarudi Alhamisi, tarehe sita Novemba, saa nne asubuhi.