Gari Lisilotengenezwa Tena

Jumatatu, 5 Mei 2025. Mwabungo.

Musyoki ameosha tena kigari chake cheupe. Kila asubuhi anakiosha, kana kwamba kitakua. Kiberiti kilichotiwa magurudumu! Siku za kazi kinabeba matikiti ya shambani kwake kwenda soko la Kombani. Jumamosi kinabeba maharusi. Na watu wanamlipa kwa hilo. Haya imekwisha duniani.

Mimi nimesimama mlangoni pa hoteli kubwa Diani miaka kumi na tisa, nikiwafungulia wakubwa milango ya magari. Gari nalijua. Gari ni lile refu, la chini, lenye buti ya kulaza ng'ombe, mkubwa akikaa nyuma ananyoosha miguu mpaka mwisho. Hayo hayatengenezwi tena. Nimesikia Mama Everlyn, mjane wa Diani, anauza moja: Baroni nyeusi. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani.

Nimefikiri sana. Kisichotengenezwa tena huwa adimu. Kilicho adimu hupanda thamani. Mbona wengine hawajaona jambo hili? Kwa sababu wengine hawafikiri, wanaosha magari.

Twaiba, mke wangu, ananihimiza nikanunue mabati kesho. Makuti yamechoka, mvua za masika zimeingia, na fedha za paa zimekaa sandukuni tangu mwaka juzi. Nyingi zimetokana na maandazi yake, hilo sikatai. Nimemwambia kesho nitalimaliza suala hilo.

Jumanne, 6 Mei.

Nimelimaliza. Nimenunua gari.

Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Refu kama msikiti wa Ijumaa. Viti vya ngozi, mapazia ya dirisha la nyuma, kijitundu cha kuwekea kikombe kila upande. Nilifungua mlango wa nyuma kwa mazoea, nikainama, halafu nikakumbuka kwamba mkubwa safari hii ni mimi.

Mama Everlyn ni mwanamke mkweli mno, jambo linaloharibu biashara. Alinieleza kwamba gari limesimama tangu marehemu mumewe atutoke, kwamba vipuri havipatikani, na kwamba ni bora nije na fundi wangu alitazame kwanza. Nikamjibu kwamba anayehitaji fundi ni yule asiyejua gari. Nilimuuliza sababu ya kiwanda kuacha kulitengeneza, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari: waliogopa. Gari likiwa zuri kupita kiasi, mnunuzi harudi kununua jingine.

Akatabasamu, akaniambia, "Bwana Athmani, gari hili halikufa kwa ubaya wake. Watu wake ndio waliozeeka. Vijana waliokuja baada yao walitaka magari yaliyoinuka juu ya ardhi."

Maneno ya mjane. Nikampa fedha za mabati zote.

Jumatano, 7 Mei.

Kutoka Diani hadi hapa nyumbani ni mwendo wa kunywa chai. Mimi nimetumia saa mbili na nusu. Tumbo la gari limekwaruza kila tuta, na wapo wenye magari waliotengeneza matuta hayo kwa wivu, siwezi kufikiri vinginevyo. Uchochoro wetu ni mwembamba. Kichwa cha gari kimeingia uani, mkia umebaki njiani. Wanawake wanaotoka kisimani wanauzunguka na madumu yao wakinung'unika. Hawajawahi kuona buti ya maana.

Twaiba alitoka jikoni na unga mikononi. Alilitazama gari kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma, na hilo lilichukua muda. Nikamweleza habari ya uadimu na thamani. Nikamweleza kwamba harusi nne tu zitatosha kuezeka nyumba mbili. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Baba Warda, ndoo tuziweke wapi mvua ikija?"

Swali la mtu asiyejua uwekezaji.

Ijumaa, 9 Mei.

Ushindi! Baada ya sala nimekwenda Munje kwa Bi Mwanafatuma, anayemwoza bintiye Muhsina Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikakaa, nikanywa uji wake. Alikuwa ameshapatana na Musyoki ampeleke bibi harusi ukumbini Msambweni. Nikasikitika kwa sauti. Nikamuuliza kama ni kweli mtoto wa watu atashuka mbele ya wakwe akinuka tikiti, udi wote wa wiki nzima umepotea bure. Nikamwonyesha picha ya Baroni, mapazia yakionekana.

Aliitazama. Akasema Muhsina ni mtoto wake wa pekee na hana mwingine wa kumwoza, kwa hiyo nikiahidi nitimize. Nikaahidi kwa mkono kifuani.

Jioni nikamjulisha Musyoki mwenyewe, nikitarajia ugomvi kidogo. Hakuna. Alisema ni sawa, jirani, kazi ni kugawana, ila niangalie njia ya Munje, ina mchanga mwingi karibu na minazi. Watu wa bara wanapokushauri kuhusu mchanga wa pwani!

Jumatatu, 12 Mei.

Gari limechuchumaa.

Nililiacha limesimama, nimelikuta limekaa. Magurudumu yamepotea ndani ya mabawa na tumbo limegusa ardhi, kama kuku aliye kwenye mayai. Nimempigia simu Fondo, fundi wa Kombani. Alifika na pikipiki, akalala chali chini ya gari, au karibu na chini kwa kuwa chini hapakuwapo. Akaeleza kwamba Baroni halina springi. Linashikwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa, na mifuko yote minne imepasuka kwa uzee. Mipya haipatikani Mombasa, wala Nairobi, wala huko ilikotengenezwa.

Nikamwambia huo ndio uadimu wenyewe. Fondo alifuta mikono taratibu. Kwa maelezo yake, kiwanda hakina mapenzi na gari. Kinahesabu wanunuzi. Wakipungua, mitambo ya kulitengeneza inafunguliwa ikafungwe kwingine itengeneze gari jingine. Miaka kadhaa baadaye hata vipuri vinaachwa. Na la wakubwa likizeeka, mkubwa hawezi kujishusha kulinunua, na mdogo hawezi kulitunza. Linabaki halina mwenyewe.

"Sasa lina mwenyewe," nikamwambia.

Akakubali kwamba ndivyo, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Jumatano, 14 Mei.

Mvua tangu alfajiri. Paa limevuja sehemu saba, moja juu ya jiko la Twaiba, moja juu ya kitanda cha mama yake anayekaa nasi. Mchana niliporudi kutoka dukani nyumba ilikuwa tupu. Nikawakuta ndani ya Baroni. Mama mkwe amejinyoosha kiti cha nyuma, miguu imefika mwisho. Binti yetu Warda anafanya kazi za shule kiti cha mbele. Unga, sukari na msahafu vimo kwenye buti, vikavu kabisa. Twaiba amekaa nyuma ya usukani bila ya kuushika, anatazama mvua kwenye kioo.

Musyoki alipita na mwavuli, akalisifu gari kwamba halivuji. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza aliyonipa, nami nikaipokea ingawa imetoka kwa muuza matikiti. Kisha nikawaomba abiria wangu wasiegemeze vichwa kwenye ngozi.

Twaiba aligeuka. "Kwa miaka miwili nimekuwa nikiamka kabla ya adhana kukanda unga," akasema. "Nilikuwa nakanda paa, Baba Warda. Sikuwa nakanda gari."

Nikaingia ndani kumwaga ndoo zilizojaa.

Ijumaa, 16 Mei.

Fondo ametoa mifuko ya hewa na kutia springi za pikapu kuukuu. Gari limesimama! Nyuma limesimama zaidi ya mbele, kwa hiyo kwa sasa linaonekana kama linarukuu, lakini bibi harusi ataona ni heshima. Nimepaka mafuta ya nazi kwenye viti. Nimefunga utepe mweupe. Musyoki amekitazama kitako cha gari langu kilivyo hewani, akaenda zake. Wivu.

Jumamosi, 17 Mei.

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilifika Munje mapema. Muhsina alitoka amefunikwa, Bi Mwanafatuma ameshika mkono wake, kina mama wanapiga vigelegele. Nikafungua mlango wa nyuma kama nilivyofungua kwa miaka kumi na tisa. Waliingia wanne na bado nafasi ilibaki. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Karibu na minazi gari likazama. Mchanga ulifika kwenye milango. Nilikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakachimba shimo la kutosha kisima. Wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaja kusukuma. Gari zito kama hilo! Wakasukuma mpaka wakaketi. Msambweni sheikh anasubiri, wakwe wanasubiri, simu ya Bi Mwanafatuma inalia na yeye haipokei. Alikuwa akilia kimya kimya kwenye ncha ya mtandio. Hakunitukana. Ningependelea anitukane.

Hapo kikaja kile kiberiti cheupe. Musyoki alikuwa ameshusha matikiti ya karamu ukumbini, akasikia bibi harusi hajafika, akageuza. Amepita juu ya mchanga ule kama panya juu ya kitanda. Akatandika kanga safi, akafungua mlango.

Muhsina alipokuwa akihama alisimama mbele yangu, akainua mtandio kidogo. "Ami Athmani, usihuzunike," akasema. "Kukaa kwenye gari lako kulikuwa kuzuri. Ni kwenda tu ndiko kulikotushinda."

Alifika. Ndoa ilifungwa. Mimi nilibaki na gari mpaka trekta likaja.

Jumatatu, 19 Mei.

Twaiba ameliuza. Hakuniuliza. Amempata Caroline, mwenye saluni Ukunda, anayetaka viti vya ngozi kwa wateja wake, na mtu wa vyuma chakavu aliyechukua kilichobaki. Nilisimama pale viti vikitolewa. Nikawaeleza uadimu. Yule mtu wa vyuma akaniuliza kama nina mengine adimu, kwani analipa kwa uzito.

Fedha zimetosha mabati ya nusu ya nyumba. Musyoki ameyaleta juu ya kigari chake, bila malipo, akapanda mwenyewe na nyundo. Amepigilia upande wa mama mkwe na jiko. Yaliyobaki machache ameyaegemeza ukutani, atarudi Alhamisi. Twaiba amempikia pilau. Mimi nilimshikia ngazi. Anapigilia misumari ovyo, lakini ngazi sikuiachia.

Usiku mama mkwe amelala mkavu. Twaiba amenisamehe, nadhani. Amenipa andazi.

Jumatano, 21 Mei.

Nimekwenda Kombani kumrudishia Fondo jeki yake. Nyuma ya gereji, kwenye majani, nimeona kitu. Refu kuliko Baroni! La rangi ya maziwa, milango minne mizito, saa ya mbao kwenye dashibodi. Nimemuuliza Fondo. Akajaribu kunivuta nikanywe chai kwanza. Nikasisitiza. Akakiri kwamba safari hii si muundo tu ulioachwa. Kiwanda chenyewe kimefungwa, jina limefutika, hata waliolitengeneza wametawanyika.

Kiwanda kizima! Mama Everlyn alikuwa na gari lililoachwa na kiwanda, ndiyo maana likanishinda: kiwanda kilikuwapo, kikitengeneza mengine ya kulishushia thamani. Hili halina wa kulishindania. Na lina springi za chuma, nimeinama nimezitazama mwenyewe. Mtu akijifunza, hujifunza.

Mwenyewe ni mzee wa Matuga anayejenga banda la ng'ombe. Nimempigia simu hapo hapo. Nimemuuliza kama anapokea mabati.