Mlango Uliouona Moto

Soudi alipomwona Mama Françoise akipapasa ukuta wa nyumba mpya kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, alijua Mungu amemkumbuka. Mnunuzi anayegonga ukuta kwa ngumi ni wa kuogopwa. Anayeupapasa amekwisha kuhamia.

Nyumba zilikuwa nne, mstari mmoja, kule mtaa wa Mikelenge, kazi ya fundi Félicien. Félicien alijua kujenga, hakujua kusema. Soudi hakujua hata kukoroga saruji. Kwa hiyo waligawana kazi kwa haki: Félicien aliuza nyumba tupu, Soudi akauza siplema, yaani vyote ambavyo nyumba tupu haina. Plafoni, ile dari ya ndani. Lavabo ya kunawia. Tangi la maji la bluu. Na juu ya vyote, mlango.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyekundu, mzito, umechongwa samaki wawili kifuani. Ukiufunga, ulitoa sauti ya mtu mwenye heshima akikohoa. Ulikuwa mmoja tu duniani, na Soudi alikuwa amekwisha kuuuza mara tatu.

Aliwezaje? Kwa kuheshimu mila. Mtaani pale nyumba mpya si nyumba mpaka moto wa kwanza uwashwe uani na majirani waonje kilichopikwa. Kilichokuwamo nyumbani moto ukiwaka hakitoki tena. Ambacho hakikuwamo hakiingii mpaka mwaka upite. Kukaidi ni kuita msiba. Basi Soudi alikuwa akimtundikia mnunuzi mlango, anapokea malipo, na asubuhi ya siku ya moto anakuja mbio kuung'oa, ati ukapakwe verni ya kung'arisha mbao. Mahali pake anaweka kipande cha tripleksi, ubao mwembamba wa kugandishwa. Mwalimu Youssouf wa nyumba ya tatu alisema hawashi moto mpaka mlango urudi. Soudi akakoka kuni yeye mwenyewe, akainjika sufuria ya maji, akawagawia majirani vikombe.

"Mwalimu, nyumba imeisha kuona moto," alisema kwa huzuni. "Hata maji ya moto inatosha. Nikirudisha mulango sasa, tutakuzika. Na miye nakupenda."

Tangu hapo Youssouf aliishi nyuma ya tripleksi. Mvua ikinyesha, tripleksi ilivimba kama mtu aliyenuna.

Soudi alimpeleka Mama Françoise kwenye nyumba ya nne, ambako mlango ulikuwa umetundikwa ukingoja.

"Gusa, mama. Mulango kama hii, hata askofu hana."

Mama Françoise aligusa. Alikuwa muuza mchele wa Kibombo, mtu wa maneno machache, na macho yake yalikuwa yameshuka pembeni mwa mlango, upande wa ndani, ambako kisu kilikuwa kimekata alama ndogo ndogo, safu mbili. Safu moja ilipanda mpaka juu ya komeo. Ya pili iliishia usawa wa mkia wa samaki.

Alama zile alizikata yeye, akipima vimo vya watoto wake. Mlango aliutengeneza marehemu mume wake, Okito. Safu ndefu ilikuwa ya binti yao Falone. Ile fupi ilikuwa ya Dieumerci, aliyefika mkia wa samaki wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na mji mzima ukala sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Aliugua, na hakupimwa tena.

Vita ndiyo iliyomfundisha Soudi kazi. Siku zile milango, bati na madirisha vilitembea mjini kuliko watu. Wenye silaha waling'oa, Soudi akanunua kwa sigara, kisha akawauzia wenyewe vitu vyao, na wenyewe wakamshukuru. Mama Françoise naye alimwendea. Soudi akatikisa kichwa: "Mama, mulango yako imevuka muto, iko Alunguli. Lakini ukinipa kuku, nitatafuta." Kuku akamla. Mlango akauona mzuri mno kurudishwa, akauficha chini ya kitanda chake.

Hayo yote Soudi alikuwa ameyasahau. Aliyekula kuku husahau. Aliyebaki na banda tupu hukumbuka.

Mama Françoise hakudai kitu. Mlango hauna cheti, na Soudi ana mdomo. Alimlipa Félicien nyumba tupu, kisha akamgeukia Soudi.

"Baba Soudi, siplema nazitaka zote."

"Zote?" Sauti ya Soudi ilipotea njia kidogo.

"Zote. Lakini miye nauza mchele. Muteja anatia mukono ndani ya gunia mbele ya kununua. Weka kila kitu mahali pake, nione. Jumamosi tutawasha moto, nikulipe mbele ya watu."

"Mulango iko tayari, mama. Plafoni utaniamini tu."

"Bila plafoni, na mulango pia basi. Nitaweka pazia."

Neno pazia lilimchoma. Alhamisi Soudi alikuwa jasho tupu: plafoni imepanda, lavabo imekaa, tangi limesimama ubavuni mwa nyumba. Ndipo Mama Françoise, mtu wa maneno machache, alipoanza kupatana bei.

"Hii lavabo ni ya watoto?"

"Mama, ni ya Ulaya."

"Kule wananawa vidole tu?"

"Kule iko baridi, mama."

"Na tangi ya bluu itavuta mbu."

"Mbu hajasoma rangi."

"Plafoni iko chini. Nikifurahi, nitagonga kichwa."

Wakaenda hivyo mpaka koo la Soudi likakauka. Falone akaja kutoka nyuma na sinia.

"Baba, chai kidogo?"

"Huyu binti iko na akili. Sukari mingi."

Kikombe cha kwanza alikinywa akiisifu plafoni, cha pili akiusifu mlango. Alisikia harufu ya moshi, akadhani ni kwa Youssouf. Aliwaona majirani wamejaa barazani, kila mmoja na kikombe, akadhani wamekuja kumsikiliza. Ilikuwa desturi yake kudhani hivyo.

"Chai muzuri," alisema. "Mumepikia wapi?"

"Uani," Falone alisema.

"Uani kwa nani?"

"Kwetu. Hapa nyuma."

Kikombe kilisimama njiani. Soudi aliutazama mlango, akaitazama lavabo, akainua macho kwenye plafoni. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimetulia, kimeona moto.

"Hapana," alisema. "Moto ni Jumamosi. Na chai si chakula."

Youssouf alijikohoza. "Hata maji ya moto inatosha," alisema kwa huzuni. "Ukitoa kitu sasa, tutakuzika. Na sisi tunakupenda."

"Basi anilipe."

"Nikulipe nini?" Mama Françoise aliuliza. "Bei hatujapatana. Nilikuwa bado naona."

Soudi alimtafuta Félicien kwa macho. Félicien, ambaye alikuwa akimalizia kikombe chake, alisema neno lake la siku nzima: "Chai imekolea."

Jumatatu Soudi alirudi kwa upole, akagonga. Mlango ulifunguka nusu. Mama Françoise alisimama ameushika, kiganja kwenye mkia wa samaki.

"Mama, lavabo baki nayo. Plafoni na tangi pia. Nirudishie mulango tu, nitakutafutia ingine."

"Mulango?" Mama Françoise alitikisa kichwa polepole. "Baba Soudi, mulango yako imevuka muto, iko Alunguli. Lakini ukinipa kuku, nitatafuta."

Soudi alishusha macho kwenye kiganja kile, kwenye mkia wa samaki. Alimtazama mama yule usoni, kwa kweli, kwa mara ya kwanza. Kisha akashuka barazani taratibu, akaondoka.

Kesho yake asubuhi palikuwa na kuku kizingitini, mnene, amefungwa miguu. Majirani walibishana kama ni msamaha unaombwa au ni biashara mpya inayoanza. Kwa Soudi mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana. Mama Françoise alimpokea kuku wake. Akaingia naye ndani, akaufunga mlango, nao ukakohoa kwa heshima.