Chipu Iliyokula Silabi ya Kwanza

Jumatatu, 9 Juni
Bosi ametangaza: Ijumaa ni mtihani wa vifaa vya kusikia. Kimoja changu, kingine cha Mpole, fundi wa programu wa meza ya pili. Yeye anatumia prosesa ya kawaida, ya kununua. Mimi nimechora saketi yangu mwenyewe, chipu yenye kazi moja tu duniani: kuchuja kelele, kuacha sauti ya mtu.

Atakayevivaa ni Shangazi, aliyenilea. Miaka miwili sasa hasikii vizuri. Watu wakicheka, naye hucheka, kisha hunitazama, akiuliza kwa macho tumecheka nini. Inaniuma kuliko ninavyosema.

Nimeweka vizidishi sitini na vinne, visaketi vya kuzidisha namba, vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Kasi ya ajabu! Betri: dakika arobaini. Kifaa kina moto kama pasi. Cha Mpole: saa tano. Simpendi.

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi yote nimezikodolea macho namba ambazo kichujio huzidishia sauti. Lo! Ya kwanza sawa na ya mwisho, ya pili sawa na ya pili kutoka mwisho. Kama uso kwenye kioo! Basi jumlisha kwanza sampuli mbili, yaani vipande viwili vya sauti, kisha zidisha mara moja. Nusu ya vizidishi kwaheri. Mpole akapita, akasema taratibu kwamba vitabu vyote vinaeleza hivyo. Nani kamuuliza?

Halafu nikawaza: kwa nini hata thelathini na viwili? Sauti inatambaa kama konokono. Kizidishi kimoja kinamaliza zamu zote kabla sampuli nyingine haijafika. Betri: saa saba! Nimepita mezani kwa Mpole mara tatu, nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Juni
Swali limenikaa kichwani tangu jana: asiposemeshwa mtu, chipu inafanya nini? Inachuja ukimya! Nimeifundisha kulala. Sauti ikija, inaamka. Saa thelathini! Nimeruka nikagonga taa.

Mpole aliuliza inachukua muda gani kuamka. Nikamjibu, kidogo. Akauliza kidogo ni kiasi gani. Wivu mtupu!

Nimemshawishi Bosi mtihani ufanyike stoo, mahali pasipopita mtu. Eti mgonjwa anahitaji utulivu. Bosi akasema Shangazi si mgonjwa. Lakini kakubali. Chipu yangu italala fofofo, betri itabaki tele. Nina akili, basi tu.

Ijumaa, 13 Juni
Shangazi alivaa changu kwanza. Bosi akamwambia kwa adabu, "Si lazima ukae humu mpaka jioni, mama."

Shangazi kanuna. Akakaa. Mchana nikamkuta palepale, hata msalani hajaenda. Nikamuuliza kulikoni.

"Bosi wako kaniambia lazima nikae mpaka jioni. Mtu mzima mimi, naamriwa kama mtoto!"

Nikadhani ni uzee.

Saa kumi Mpole kaingia, kaweka kifaa chake kitini, tayari kwa zamu yake. Shangazi alikuwa amesimama kunyoosha miguu. Akageuka kuketi. Mpole akapiga kelele, "Usikalie!"

Shangazi akakalia. Kraa!

"Mwanangu, si wewe umesema kalie?"

Bosi alimtazama Shangazi, akamtazama Mpole, kisha mimi. Mimi zaidi. Kumbe chipu inachelewa kuamka, inameza silabi ya kwanza, na ya pili mtu akisema haraka. Ningejuaje? Ni kosa langu lugha yetu ikiweka makatazo mlangoni mwa neno?

Jumatatu, 16 Juni
Mpole hakukasirika. Inakera. Amenichorea karatasini kumbukumbu ndogo isiyolala, inayoshika sauti ya robo sekunde iliyopita. Chipu ikiamka, inaanzia hapo. Nimeikagua saa nzima nikitafuta kasoro. Nimekosa. Ni nzuri mno! Ila inakula saa mbili za betri. Bosi kaagiza niiweke.

Saa mbili zangu? Thubutu!

Nimechapisha tangazo: "Kila anayesema na Shangazi aanze na neno lisilo na kazi, la kumezwa." Kubadilisha chipu ni wiki nzima, kubadilisha watu, karatasi moja. La kwanza nimelibandika mlangoni kwa Shangazi mwenyewe. Amelisoma polepole mpaka mwisho. Akanitazama. Akaingia ndani, akafunga mlango, akatia komeo.

Ameafiki.