Spana ya Kondo na Kikapu cha Misheni

Siku hiyo mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, na kibaridi chake kinateremka hadi Mji Mpya, pale kwa Kondo fundi baiskeli. Palikuwa na ubao umelazwa juu ya ringi mbili za lori, na ubao huo ndio ulikuwa bunge. Mwaka wenyewe ni ule watu walipokuwa wanahamishwa kwenda vijijini, sukari ikionekana dukani unapiga foleni kabla hujauliza bei.

Basi bwana, akaja Eustace, karani wa stesheni. Walimwita Tangazo, maana hata karatasi ya sabuni hakuweza kuisoma kimoyomoyo. Mkononi ana karatasi aliyoibandua kwenye mlango wa zahanati ya misheni.

"Sikilizeni. Kila Alhamisi Mama Eufrazia, muuguzi aliyesomea mambo ya mawazo, atakaa kusikiliza watu wenye mzigo moyoni. Kikao kimoja, kuku mmoja."

"Anakupa dawa?" aliuliza Hatibu. Huyu ndiye balozi wa nyumba kumi, jina la kijiweni Azimio.

"Anasikiliza."

"Anakuchoma sindano?"

"Anasikiliza, Azimio."

"Kuku mzima kwa kusikiliza? Huo ni unyonyaji, ndugu zangu. Masikio ni njia kuu ya uchumi, yanatakiwa yawe chini ya umma."

"Ya kwako mkeo aliyataifisha zamani," alisema Stambuli, muuza kahawa, Mnyamwezi wa Tabora. Walimwita Dele kwa ajili ya lile dele lake la shaba, birika la kahawa. Huku anacheka, akamimina vikombe vinne vya watu wanne, na cha tano akakiweka ukingoni mwa ubao, pasipo na mtu. Kila siku ndivyo alivyofanya. Azimio alikuwa akisema hicho ni cha shetani wake, na Dele anacheka kuliko wote.

"Sijamaliza," alisema Tangazo. "Asiye na kuku asione haya. Pana kikapu mlangoni. Mwenye nacho atie chochote, ndizi, mayai, sukari. Kikapu kitamlipia asiye nacho, na hataulizwa mtu nani katia wala nani kalipiwa."

Hapo macho yote yakamgeukia Kondo.

Kondo alikuwa chini, kapakata gurudumu, anazungusha spoki ileile tangu asubuhi. Tangu masika, pale mteremko wa kwao Matombo ulipomeguka ukaondoka na nyumba na mdogo wake Yohana ndani, alikuwa mtu wa kufungua asifunge. Usingizi hauji. Wateja wameanza kumkimbia. Na kilichokuwa kinamla hakumwambia mtu: ni yeye aliyemtuma Yohana akalale kule, alinde ndizi.

"Mbona mnanitazama mimi," alisema. "Mimi mzima."

"Mzima vipi, ndugu?" alisema Azimio. "Baiskeli yangu umeifunga gurudumu la mbele la katekista. Jana naenda mkutano wa tawi, nafika kanisani, usukani unakata kona wenyewe. Nimeingia mpaka karibu na kengele, mimi Hatibu bin Mohamedi."

"Na katekista?" aliuliza Dele.

"Anazunguka na la kwangu. Nasikia jana ameonekana msikitini anaomba msaada wa breki."

Wakacheka mpaka ubao ukateleza kwenye ringi. Hata Kondo mdomo ulimcheza kidogo, ukarudi.

"Nenda Alhamisi, Kondo," Dele alisema. "Kikapu kipo."

"Siendi. Kondo hali kikapu cha mtu. Na kuku sina."

"Lakini huyo mama," Dele akamgeukia Tangazo, "mtu akimweleza jambo la kijinga kabisa, hamcheki? Namwulizia jirani yangu."

"Jirani gani? Unakaa peke yako kule, nyuma ya nyumba yako ni mto."

Dele akacheka. Kondo akainua macho kutoka kwenye spoki, akamtazama, akakitazama kile kikombe cha tano kinavyopoa.

Alipoinama tena, Dele akanyoosha mkono akachukua spana, ile moja tu iliyokuwa inafungua ekseli zote za mtaa mzima, akaitia mfukoni mwa koti.

"Rudisha," alisema Kondo.

"Ikomboe."

Sasa hapo pana shughuli. Mnyamwezi kama Dele na Mluguru kama Kondo ni watani tangu mababu wa kina Dele walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani akikuchukulia kitu chako hukasiriki wala hushitaki. Unakomboa.

"Unataka nini? Chukua pampu."

"Pampu ya nini, nimpulize nani? Nataka Alhamisi uende ukakae mbele ya Mama Eufrazia ufungue mdomo. Ukirudi, spana yako hii hapa. Usipokwenda naituma Tabora kwa treni, Tangazo anaandika risiti."

"Namba ya mzigo nishaitoa," alisema Tangazo.

Kondo akamgeukia Azimio. "Balozi, unaona mwenyewe. Naibiwa mchana."

Azimio akanywa kahawa yake polepole. "Mambo ya watani, serikali haiingii."

Kesho yake wakabeba vitu kwenda kwenye kikapu. Azimio alitoa robo kilo ya sukari, aliyopigia foleni tangu alfajiri mpaka miguu ikavimba. "Hii siyo sadaka," aliwaambia. "Huu ni mchango wa kujitegemea. Nisisikie mtu anasema amina." Dele akatia kashata na kahawa ya kutwanga. Tangazo akaleta jogoo wake, mkubwa kama mbuzi, mwenye tabia ya kuwika saa nane mchana.

"Huyo mwenyewe anahitaji kikao," alisema Dele.

Na lile sharti la kutojulikana nani katoa nini likaishia hapo, maana Tangazo alisimama mlangoni akakisoma kikapu chote kwa sauti, chini hadi juu, wagonjwa wakampigia makofi.

Alhamisi Kondo akaenda. Ataishije fundi bila spana? Akarudi jioni, jua likiwa bado juu ya paa. Wale watatu wakajifanya wanazungumzia bei ya mkonge.

"Eeh," alisema Azimio, "kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Nimesema mimi." Kondo akakaa kwenye ubao, siyo chini. "Nimemwambia ni mimi niliyemtuma Yohana akalale kule."

Azimio akavua kofia.

"Akanyamaza na mimi," Kondo akaendelea. "Muda mrefu. Ndiyo mara ya kwanza mtu ananyamaza na mimi bila kunisomea gazeti. Alhamisi ijayo nina ndizi zangu, nitatia mwenyewe."

Dele akatoa spana mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Kondo akaipokea, akalivua gurudumu la katekista, akafunga la Azimio lenyewe, akakaza nati, akaijaribu kwa kidole. Halafu akajifuta mikono, akalinyakua dele la kahawa kwa mpini wake, akalikumbatia kwa kitambaa.

"Weka, lina moto," alisema Dele.

"Likomboe."

"Acha mchezo, mtani."

"Yule jogoo alikuwa mzito, na sukari haionekani mjini. Mama Eufrazia kasema kikapu chenu kimelipia vikao viwili. Kaniuliza cha pili cha nani. Nimemwambia ni cha jirani yake Dele, yule anayekaa mtoni." Akakionyesha kile kikombe cha ukingoni kwa kidevu. "Nenda ukamweleze hicho."

Dele akafungua mdomo ili acheke, kicheko hakikutoka. Akakitazama kikombe.

"Cha Amina," alisema. Mkewe huyo, aliyemzika miaka mitatu nyuma. "Alikuwa anataka amiminiwe wa kwanza. Sasa namimina wa mwisho, nione kama atanigombeza."

Azimio, aliyekiita kikombe cha shetani mwaka mzima, akashikwa na kikohozi kisichokuwa na mafua. Tangazo akasimama, akasafisha koo kama mtu mwenye jambo la kutangazia mtaa. Azimio akamziba mdomo kwa kofia.

"Mpaka Alhamisi tunakunywa nini?" Tangazo aliuliza kutoka ndani ya kofia.

"Maji," alisema Kondo, na dele kwapani anaondoka nalo.

Dele akamgeukia Azimio, machozi na kicheko vimemjia pamoja. "Balozi, unaona mwenyewe. Naibiwa mchana."

"Mambo ya watani hayo," alisema Azimio, akapanda baiskeli yake, akapita kanisani moja kwa moja bila kukata kona.