Mimbari ya Toronto

Jumamosi, 30 Septemba 1995

Tumefika! Toronto ni baridi. Nimevaa suti mpya niliyoshonewa na akina mama wa usharika wetu wa Kigoma, juu yake sweta mbili, juu yake koti la kuazima. Suti haionekani. Inasikitisha.

Timu yetu ya misheni ina watu watatu. Kiongozi ni Mama Donatienne, mkunga mstaafu, mtu wa maneno machache. Wa pili ni Ismaël, mwinjilisti kijana mwenye gitaa, ambaye huweka nukta mbili juu ya jina lake kana kwamba moja haimtoshi. Wa tatu ni mimi, Mwalimu. Tumekuja kujitolea katika kanisa dogo la Mchungaji Gaspard, mtu wa Uvira, ambalo waumini wake ni wakimbizi kutoka Zaire na Burundi. Tutapanga chumba cha nguo za baridi na kuwatembelea waliofika karibuni.

Hiyo ni kazi ya timu. Yangu ni nyingine. Mwezi ujao usharika wetu unachagua mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na nimeahidi hadharani kwamba nitahubiri Toronto na kurudi na picha yangu nikiwa mimbarini. Mpinzani wangu ni muuza mbegu ambaye hajavuka hata mto Malagarasi. Picha ikipatikana, uchaguzi umekwisha. Isipopatikana, nitaongozwa na muuza mbegu!

Tunakaa kwa Mchungaji Gaspard, kitongoji cha Etobicoke, juu kabisa katika jumba refu. Nimepewa kochi. Miguu inabaki nje. Nimeridhika.

Jumapili, 1 Oktoba 1995

Fedheha.

Kila Mkristo anajua kwamba mgeni akifika kanisani husimamishwa asalimu. Na salamu za mgeni hazina kipimo. Kwetu aliwahi kuja mgeni mmoja akasalimu hadi watoto wakaenda nyumbani kula, wakarudi. Mimi nilikuwa na salamu za kurasa kumi na mbili, zenye utangulizi, vichwa vitatu na hitimisho.

Mchungaji Gaspard akatuomba tusimame tupunge mkono. Tukapunga. Makofi. Tukaketi.

Nilimwendea baadaye. Akanieleza kwa upole kwamba jengo ni la kupanga: asubuhi wenye jengo husali kwa Kiingereza, mchana sisi, kisha Wakorea. "Muzee, huku saa ni saa," akasema. Ni kweli. Tulipofikia baraka, kwaya ya Wakorea ilikuwa imejipanga mlangoni kwa majoho, ikitabasamu. Sijapata kuona tabasamu linaloharakisha watu namna ile.

Lakini kuna tumaini! Jumapili ijayo ni Sikukuu ya Mavuno, na mmoja wetu atahubiri. Nani? Mama Donatienne ndiye atakayemtaja. Nikamuuliza kwa kigezo gani. Akajibu kwamba atatazama anayefanya kazi.

Basi nitaonekana nikifanya kazi.

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Chumba cha nguo. Magunia ya viatu vya baridi, kila kiatu kimetengana na mwenzake. Kazi yangu ni kuvioanisha. Nimefundisha watoto wa Kigoma hadi nikazeeka. Leo namtafutia mchumba kiatu cha kushoto.

Ismaël anaimba anapopanga makoti. Akina mama wa hapa wanamwitikia. Mimi nimejaribu kuimba pia. Wameniuliza kama naumwa.

Mchana nimegundua jambo kubwa. Chini ya jumba letu pana duka la picha. Mwenye duka ni Bwana Alimohamed, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, mzaliwa wa Tabora. Aliposikia Kiswahili changu aliacha wateja wawili wamesimama, akanishika mkono, akauliza kama maembe ya Tabora bado yapo. Nikasema yapo. Akafuta miwani. Akasema wanawe wanaelewa kila neno lakini humjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hapa hana mtu wa kugombana naye vizuri. Mkewe, Bi Shamina, akaleta chai na chapati.

Nikamwomba anipige picha Jumapili kanisani. Akakubali papo hapo. Hataki malipo, anataka maongezi. Mpiga picha ninaye! Bado mimbari tu.

Jumatano, 4 Oktoba 1995

Ziara ya St. James Town, kwenye majumba marefu ya mjini. Dada Carmel, Mrundi aliyefika karibuni na mtoto mchanga, amepata chumba lakini hana kitanda. Timu ilipaswa kumpelekea godoro.

Nilikuwa na mpango. Ismaël na vijana wa kanisa walibeba godoro kutoka garini hadi mlango wa lifti. Mimi nilibeba kifuniko cha taa ya mezani. Nikawaambia watangulie kwa ngazi wakapange chumba, nami ningelipandisha godoro peke yangu. Hesabu yangu ilikuwa hii: Mama Donatienne alikuwa juu akiongea na Carmel. Mlango wa lifti ungefunguka, naye angeniona mimi, mzee, chini ya godoro, nikitoa jasho kwa ajili ya Injili.

Godoro liliingia. Mimi niliingia nyuma yake. Halikukubali kutoka, wala halikuniruhusu kufikia vitufe.

Nikapanda. Nikashuka. Nikapanda. Kila lifti iliposimama mlango ulifunguka kwa watu wapya, nami nikawapa salamu kupitia upenyo mdogo juu ya godoro. Bibi mmoja Mfilipino alifanya ishara ya msalaba. Vijana wawili wa Kisomali walijaribu kunivuta, wakalivuta godoro upande usiofaa, wakaomba radhi wakaenda zao.

Hatimaye mlango ukafunguka mbele ya Mama Donatienne. Akasema, "Mwalimu, leo umetembelea kaya nyingi kuliko sisi sote." Kisha akacheka hadi akaegemea ukuta. Carmel naye akacheka. Aliniambia baadaye kwamba hajacheka tangu avuke mpaka.

Nadhani nimepata alama.

Ijumaa, 6 Oktoba 1995

Leo nimefanya jambo la akili nyingi.

Kesho Mama Donatienne anamtaja mhubiri. Hatari ni Ismaël. Kumsema vibaya ni dhambi, tena kungesikika. Kwa hiyo nikaamua kumsifu! Mtu akisifiwa sana kwa uimbaji, ataachiwa uimbaji. Apewe nyimbo zote za sikukuu, ashughulike na gitaa lake, na haki itadai neno lipewe mwingine. Nani mwingine? Tumebaki wawili, na Mama haitaki mimbari.

Wakati wa chakula cha jioni nikaanza. Nikasema Ismaël ana kipawa. Nikasema watu humsikiliza hata anapokaa kimya. Nikasema amewapenda watu wa hapa nao wamempenda. Mchungaji Gaspard aliweka kijiko chini. Ismaël akainama, masikio yamemwiva. Nikakoleza. Nikasema, ilipobidi, kwamba ni mnyenyekevu.

Binti wa mchungaji, Darlène, alisema jambo kwa Kiingereza. Nikauliza tafsiri. Mchungaji akasema amesema Mwalimu ni mtu mzuri.

Nimelala kochini na miguu yangu nje, nikiwa na amani kubwa.

Jumamosi, 7 Oktoba 1995

Ismaël anahubiri!

Mama Donatienne ametangaza wakati wa chai. Amesema alikuwa bado anasita. Lakini mimi, ambaye kwa miaka yote aliyonifahamu sijawahi kumsifu binadamu aliye hai, nikiona kipawa kwa kijana, basi kipo. Akanishukuru mbele ya wote. Ismaël akanikumbatia. Nukta zake mbili zilinichoma moyoni.

Nilitoka nikatembea kando ya barabara. Majani ya miti yamekuwa mekundu kama yaliyochomwa. Ni mazuri. Nilikataa kuyafurahia kwa muda, kisha nikayafurahia.

Niliporudi, Mchungaji Gaspard alikuwa na ombi. Watoto wa kanisa hili hawajawahi kuona mnada wa mavuno. Kwetu ibada ikiisha, walioleta mahindi, kuku au mkungu wa ndizi badala ya pesa, mali yao hunadiwa palepale, na kuku mmoja huweza kuuzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha. Anataka kufanya vivyo hivyo kesho, makusanyo yaende kwenye chumba cha nguo. Je, naweza kunadi?

Je, naweza! Nilijibu kwa heshima kwamba naweza, ila sauti yangu imezeeka, kwa hiyo ni lazima nisimame mahali pa juu penye kipaza sauti.

Akafikiri. Akasema hapo ni mimbarini tu.

Nikasema basi, kama hapana pengine.

Jumapili, 8 Oktoba 1995

Suti bila sweta. Nilitetemeka, lakini ilionekana.

Ismaël alihubiri kwa ufupi na vizuri. Kuna watu wasio na adabu kabisa.

Kisha nikapanda. Mimbari ni ya mti mzito, ina nafasi ya kurasa kumi na mbili. Nikaziweka. Bwana Alimohamed alikuwa amekaa safu ya mbele na kamera yake. Meza ya mavuno ilikuwa mbele ya mlango: maboga, tufaha, mahindi, ndizi, na upande wa mlangoni vyungu na mitungi mikubwa ya kioo yenye kabichi nyekundu. Nikastaajabia ukarimu wa wakimbizi.

Nikainua boga. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasema kwamba Musa alipopanda mlimani hakwenda kutalii. Sauti nyuma ikaita, "Dola tano!" Nikasema, naam, dola tano, lakini Musa... "Dola sita, muzee, achana na Musa!" Kanisa likalipuka kwa vicheko. Sikufika ukurasa wa pili.

Damu ilichemka. Nikanadi! Bwana Alimohamed aliinua mkono, nikampa boga. Akainua mwingine, nikampa ndizi. Akapunga mikono yote miwili, nikampa mtungi wa kabichi na kumpongeza kwa jina. Mwisho akasimama akapiga kelele, "Mwalimu, mimi nakwambia usogee kushoto, boga limekuziba, wewe unaniuzia soko zima!"

Mchungaji Gaspard naye alikuwa akipunga mikono kwa nguvu. Nikamuuzia chungu. Akatikisa kichwa. Nikapandisha bei.

Hapo nikamwona mzee wa mvi, mwenye joho, karibu na mlango. Aliinua mkono polepole. Nikampa mtungi. Akalipa, akainama kwa heshima, akainua mkono tena kwa mtungi wa pili. Akalipa, akainama. Mama Donatienne alipanda ngazi za mimbari, akaninong'oneza sikioni.

Huyo alikuwa mchungaji wa Wakorea. Mitungi ilikuwa ya Wakorea. Vyungu pia. Nao wana sikukuu ya mavuno leo, walikuja mapema na chakula chao, wakakiweka pale palipokuwa na nafasi. Kwetu, chakula kilicho juu ya meza kanisani ni sadaka. Ningejuaje? Alikuwa akinunua chakula chake mwenyewe, kwa kudhani hii ndiyo desturi yetu na hakutaka kutuvunjia heshima.

Nikashuka. Nikamwinamia. Akaniinamia. Nikainama zaidi. Kiuno kikakataa kurudi, ikabidi Ismaël aninyooshe.

Mchungaji Gaspard alitaka kumrudishia fedha. Mzee akakataa, akasema ziende kwenye makoti. Kisha wakatukaribisha chini kwenye ukumbi, sisi sote. Wakatandika meza, zao na zetu pamoja. Bibi wa Kikorea alinijazia sahani kwa mikono miwili kila nilipoimaliza. Kabichi ile ni kali kama pilipili ya Ujiji! Carmel alikula akitoa machozi, mtoto mgongoni, akaomba nyingine. Wachungaji wawili wakakubaliana kwamba mwakani watafanya mnada mmoja.

Bila shaka mpango huo ni wangu, ingawa hakuna aliyelitaja jina langu.

Jumatatu, 9 Oktoba 1995

Naandika ndani ya ndege.

Bwana Alimohamed alitupeleka uwanjani kwa gari lake na picha mkononi. Alisafisha filamu asubuhi. Alipiga moja tu kabla ya kugeuzwa mnunuzi. Nikaitazama. Suti ni safi kabisa. Mimbari inaonekana hadi michoro yake. Kati ya kola na dari pana boga.

Mama Donatienne akaichunguza, akasema ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote. Kisha akasema kwa upole kwamba Carmel ameuliza habari zangu, kwamba viatu vyote vimepata wenzake, na kwamba huenda kazi ya namna hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka, kuliko maneno ya juu. Akanitazama kama anayengoja jibu.

Nikamjibu kwamba nimemwelewa kabisa.

Na nilimwelewa! Tatizo lilikuwa boga. Mahali penyewe pa kusimama palikuwa sahihi. Nikageuka kutazama ukumbi wa uwanja wa ndege, na mbele yangu, mwanzoni mwa foleni ya abiria, palikuwa na kimeza kirefu cha mbao, chenye ubao ulioinama kwa juu na kipaza sauti chembamba. Hapakuwa na mtu.

Nilimwambia Bwana Alimohamed aandae kamera. Akasema, "Mwalimu, bwana wee, tutafungwa!" lakini tayari alikuwa akiondoa kifuniko. Nikasimama. Nikainua Biblia. Abiria wote wakanyamaza wakanitazama. Mkutano wa watu wasiopungua mia, wa mataifa yote! Mwanamume wa mbele akanikabidhi tiketi yake. Nikaipokea. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasema kwamba Musa alipopanda mlimani hakwenda kutalii.

Bwana Alimohamed amesema picha itatoka vizuri, uso wote, hakuna boga. Ataituma kwa posta. Ila mlinzi mwenye sare ataonekana pembeni, amenishika kiwiko. Si neno. Nitawaambia ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa wa Toronto, akinisihi niendelee.